Kidude cha Mama Agripina

Ndani ya basi la kwenda Ngara, Melania alitega sikio bila kualikwa. Mbele yake Mama Agripina alikuwa amepakata laptopu iliyochomekwa kidude cha waifai. "Nimejaribu kila tundu, hata parokiani penye mtandao, wapi! Na binti yangu aliyeolewa na mkimbizi, wakapelekwa Kanada, ametuma picha ya mjukuu."

"Kilikuja na sidii ya programu yake, mama?" aliuliza Nduwayo, abiria aliyeketi pembeni ya Mama. "Bila hiyo laptopu haikitambui."

Mama akakohoa. "Ile inayong'aa? Niliitundika shambani ifukuze ndege." Melania akauma mdomo asicheke.

"Si itakuwa imekwaruzika!" alisema Nduwayo. "Nitaifuta kwa kanga." Wakabishana hivyo mpaka basi liliposimama Nyamiaga. Kando ya barabara, katikati ya mtama wa Mama, sidii ilikuwa inameremeta, na ndege wawili wametua kando yake, wanajitazama humo kama kwenye kioo kwa raha zao.