Dada Aliyekataa Kumwaga Kimeng'enya

Ndugu, jamaa na majirani, dada yetu, ambaye kazini walimwita Bi Rudieni kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa neno lake, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya reli, mtoto wa tatu kati ya watano, mbishi tangu utotoni, hata mama akachoka kumgombeza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akahitimu kemia chuo kikuu Novemba 1985, na tarehe 3 Februari 1986 akaajiriwa kwenye maabara ya kiwanda cha maziwa. Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa majokofu, wakajaliwa binti na mwana, na huyo mwana ndiye aliyeanzisha shughuli yote, kwani kila akinywa maziwa tumbo lilimjaa gesi, akalia hadi nyumba nzima ikakosa raha.

Dawa ilikuwepo, nayo ni kimeng'enya, protini inayovunja sukari ya maziwa kabla hayajanywewa, lakini kilikuwa adimu, na kila pipa likitoka kilikwenda na maziwa, kikapotea. Jambo hilo lilimkera kupita kiasi. Kuanzia 1997 akawa anakibandika kwenye chembe za oksidi ya chuma, ndogo kuliko vumbi, ili kazi ikiisha aweke sumaku ubavuni mwa chombo, chembe zing'ang'anie hapo, maziwa yamiminwe, naye aanze upya na kimeng'enya kilekile. Kwa miaka saba kilibanduka kila baada ya mara ya tatu. Meneja alichoka, shemeji alichoka, sisi tulichoka, maana mezani ilikuwa ni chembe, chembe, na ukimshauri aache alikujibu, "Kwani wewe shati ukilivaa mara moja unalitupa?"

Tarehe 22 Aprili 2004, kimeng'enya kikiwa kimetumika mara kumi na mbili bila kulegea, mama wa usafi aliona chupa yenye uji mweusi, akadhani ni kutu, akaimwaga kwenye sinki. Dada aliingia, akauliza, "Iko wapi?" Mama wa usafi akaonyesha bomba, machozi yakimtoka. "Usilie, lete ndoo!" akafoka, kiwanda kizima kikasikia, wakafungua kona ya bomba, wakakinga maji, akatumbukiza sumaku ya spika mbovu, ikatoka imeota manyoya meusi. Aliyaosha mara tisa, akayatia kwenye maziwa, yakafanya kazi. Meneja, aliyekuwa ameshaandika barua ya kufunga mradi, aliichana mwenyewe, na Januari 2006 maziwa hayo yakaingia madukani. Mama wa usafi alifundishwa kuosha chembe, wakafanya kazi pamoja hadi walipostaafu mwaka 2021.

Ugonjwa wa figo uligunduliwa Septemba 2022, na hapa familia iseme ukweli, alitusumbua, kwani alitoroka wodini na sindano ya dripu mkononi, akaenda kiwandani kuwakaripia waliopima vibaya, na tulipomfungia viatu kabatini akaenda na ndala. Alifariki Jumatano, tarehe 14 Juni 2023, saa tano asubuhi, mwanawe akimshika mkono. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mliofokewa bila kosa, majirani mliompikia uji akaukosoa, wafanyakazi wenzake wote, na mama wa usafi, aliyemnawisha uso kila asubuhi hadi siku ya mwisho.

Dada, umetuchosha, na tungekubali utuchoshe miaka ishirini mingine. Sasa lala, tafadhali, usibishe.