Nukta ya Ariel Kule Likasi

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Abibu zima hiyo simu, malori yako ya Kasumbalesa yatavuka mpaka bila wewe. Niinulieni mto kidogo. Hivyo. Nitasema mara moja tu, maana pumzi yenyewe imekuwa ya kuazima, na nitasema kwa Kiswahili cha chuoni alichonifundisha baba yangu, mtu wa Kasongo, mcheke msicheke.

Nyumba hii ya Katuba isiuzwe, iwe ya kila mtoto wangu aliyekosa pa kulala. Ramla, cherehani ya baba yenu ni yako, na uache kununa na kaka yako. Hayo yamekwisha, msinirudishe huko. Nilichowaitia ni ramani ya Nafisa.

Huyu mjukuu wangu anasoma historia pale chuo kikuu cha Kasapa, na mwalimu wao anawafundisha kuchunguza mauaji ya kimbari kwa ramani za kompyuta: wanachukua picha zilizopigwa kutoka angani, wanaweka nukta palipochomwa nyumba na palipokufa mtu, na waliookoka, popote walipo, wanaongeza nukta zao wenyewe. Sasa wanachora Likasi ya miaka ile Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa. Kama iitwe mauaji ya kimbari au iitwe jina lingine, wasomi wabishane. Mimi najua kwamba jirani zangu waliitwa bilulu, yaani wadudu, na waliowaita hivyo ni watu tuliokuwa tukiwasalimia kila asubuhi.

Juma lililopita kaniletea kompyuta hapa kitandani. Wee! Nikaiona Likasi yangu, nikauona mtaa wetu na ile kona ya bomba tulipokuwa tukipanga ndoo na kuwasengenya waume zetu. Ntumba alikaa mlango wa pili, Mkasai, Mkatoliki wa kuimba kwaya, mdomo mkubwa na moyo mkubwa zaidi. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akipika mchana anafunga dirisha, harufu ya makayabu, wale samaki wa chumvi, isinitese, halafu jua likizama anapiga kelele juu ya ua: "Yaya Kulthumu, kuya kula, bukari iko moto!" Aliniita yaya, yaani dada mkubwa, na ugali wake ndiyo hiyo bukari. Na Noeli ikikaribia, Zakari wangu anawashonea watoto wake nguo kabla ya kuwashonea ninyi, nami nanuna, naye anacheka. Tulikuwa tunavaa kitenge kimoja, mimi na Ntumba, yeye mrefu na mimi mfupi hivi, tukipita sokoni watu wanatuita mapacha. Ah, raha ile, wanangu, sijaionja tena, hata hapa Lubumbashi nilipowakuzia.

Halafu wakafukuzwa. Ntumba na watoto wake walilala lagare, pale kituo cha treni, majuma kwa majuma, wakingoja treni ya Kasai, na mvua inawanyeshea. Nilikuwa nawapelekea chakula, napita katikati ya vijana wenye mapanga huku wakinitukana. Kitindamimba wake, Ariel, akashikwa na kuhara, akafia mikononi mwangu asubuhi ileile treni ilipofika. Njia ya makaburini vijana walikuwa wameifunga, Mkasai hapiti hata akiwa maiti, na treni ikikuacha hujui kama kuna nyingine. Ntumba aliwatazama watoto waliobaki, akanitazama mimi, akaniwekea Ariel mapajani. "Yaya, usimuache peke yake." Akapanda.

Baba yenu akafanya alilolijua. Tulimwosha mtoto, tukamvika sanda, tukampitisha mbele ya wale vijana kama mtoto wetu, na sheikh akakubali alale kwa Waislamu, uso kibla. Zakari akamwekea kichwani jiwe la kijani la mgodini. Ni nani angewaza kumtafuta mtoto wa mwanakwaya mahali pale? Ramla, kila Idi nilikuwa nakupeleka upafagie, nawe unadhani ni ndugu yako, nami sikukukatalia.

Ntumba nilimuulizia kwa kila msafiri mpaka nikachoka. Na juma hilo Nafisa akabonyeza nukta moja pale lagare, akanisomea: "Hapa alikufa mwanangu Ariel. Kaburi lake silijui. Ntumba, Mbuji-Mayi." Yuko hai! Nilipiga ukelele, jirani wakaja mbio na kanga za matanga.

Kisha wewe, Abibu, ukasema tungoje uchaguzi upite ndipo tumjibu, jina letu lisionekane kwenye mambo hayo. Najua unaogopa, una magari barabarani na watoto shuleni. Hata mimi naogopa. Lakini yule mama amezeeka hajui alipolala mwanawe, na mimi ninayejua naondoka. Umesahau? Ariel ulimbeba mgongoni wewe, ukizunguka naye bombani, ukimwita mdogo wangu.

Usilie. Nafisa, fungua. Shuka chini ya msikiti... pita ule ukuta... Ramla, muoneshe. Hapo. Abibu, lete kidole chako. Bonyeza wewe. Andika jina lake, na jina la baba yenu aliyemzika, na langu. Kesho mumpigie Ntumba, na akija apewe chai kwanza, halafu mmpeleke.

Na mimi mtanizika Likasi, pembeni ya mtoto. Najua Zakari amezikwa hapa mjini. Amenikoromea maisha mazima, hatanikasirikia.

Maji... basi, yametosha. Mungu awalinde, wanangu. Awape watoto wa kuwafunika. Nimewawia radhi wote, hata wewe mwenye simu. Shikaneni... shikaneni mikono, niwaone.

Ntumba mwambieni... aliniambia nisimuache mwanawe. Mwambieni nimeenda kulala naye.