Mwalimu Tryphena Hakumjibia Mtoto

Mchungaji, wazee wa ukoo, walimu, majirani, nanyi watoto wa shule mlioketi pale mbele, mimi ni Zephaniah, mdogo wake marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha ya dada yetu, Mwalimu Tryphena Mkawasi, kama tulivyoyaona.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Rukanga, akiwa kifungua mimba wa marehemu mzee Mwandoe na mama yetu Mghoi, ambaye yuko nasi leo. Alianza darasa la kwanza mwaka wa 1959, akaendelea na masomo hadi kidato cha pili, kisha akajiunga na chuo cha ualimu mwaka wa 1971, akahitimu mwishoni mwa 1972, nasi nyumbani tukachinja mbuzi. Januari 1973 alipangiwa kazi Bomeni, kule Taveta, na mwaka wa 1979 akahamishiwa shule ya hapa nyumbani, akapewa darasa la kwanza, akabaki nalo mpaka mwisho.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na Bwana Hillary, karani kule Voi, na tarehe 2 Juni 1984 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, Lynn, huyu aliyekaa karibu na nyanya yake.

Sasa kuhusu kazi yake nitasema wazi, hata kama wengine watanuna. Katika shule yetu masomo husikika kutoka barabarani, mwalimu anauliza, darasa zima linaitikia kwa kuimba, na mzazi anayepita na jembe lake anaridhika kwamba watoto wanasoma. Darasa la dada lilikuwa kimya, kwa sababu yeye alimwuliza mtoto mmoja kwa jina, akakataza wengine wasimsaidie, akavuta kiti, akakaa, akasubiri. Nzembi, ambaye leo ni msichana mkubwa wa sekondari, alikaa karibu muhula mzima bila kufungua mdomo, na siku moja akaulizwa mbuzi watatu ukiongeza wawili ni wangapi, kengele ya mapumziko ikalia, wenzake wakatoka kucheza, dada akabaki amekaa naye, hakukunja uso, hakumtolea neno, mpaka mtoto akasema ni watano. Dada aliniambia kwamba ukimjibia mtoto umemfundisha kwamba jibu lake halitakiwi.

Nanyi wazazi hamkuliona hivyo. Mlisema analala darasani, mlisema anakula mshahara wa bure, na mkutano wa wazazi wa Novemba 1991 ulimsema mbele ya mumewe, ambaye mtoto wao Lynn alikuwa katika darasa hilohilo. Bwana Hillary aliona aibu, na Januari 1992 akamhamisha Lynn hadi shule ya kulipia kule Voi, wakaishi huko baba na mtoto, dada akabaki peke yake katika nyumba ya walimu.

Alikuwa mpweke, ndugu zangu. Chai ya saa nne aliinywea darasani, kwa kuwa akiingia ofisini mazungumzo yalikatika. Kila mwisho wa mwezi alipanda gari kwenda Voi kumwona mtoto, na Lynn, kama alivyofundishwa huko, alijibu haraka kabla mama hajamaliza kuuliza, shule nzuri, chakula kizuri, baba mzima, ikawa maswali yameisha na siku bado ndefu. Dada alirudi jioni akafunga mlango, na sisi tuliopakana naye tukadhani amechoka tu.

Tarehe 21 Septemba 1998 alianguka darasani, akapooza upande wa kulia, ulimi ukawa mzito, tukamkimbiza hospitalini Voi. Wengi mlikuja, na Mungu awabariki, lakini kila aliyekuja alimwuliza na kumjibia, unataka maji, ndiyo anataka maji, unasikia baridi, ndiyo mfunikeni, na mimi nilikuwa wa kwanza kwa hilo. Lynn peke yake alivuta kiti. Alimwuliza mama yake kama alimkasirikia kwa kwenda na baba, akamshika mkono, akasubiri, na dada akaanza kutafuta neno, midomo ikitembea, jasho likimtoka, mpaka saa ya kuona wagonjwa ikaisha, tukatolewa wote. Usiku huo, kuamkia Ijumaa tarehe 9 Oktoba 1998, alituacha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochota maji na kupika, walimu wenzake waliochangia jeneza, na Bwana Hillary, ambaye alilala kwenye benchi la hospitali siku zote hizo.

Tuna ombi moja kwenu. Tangu siku ile shangazi, wajomba na watu wa kanisa wamekuwa wakimwambia Lynn kwamba mama hakukasirika, kwamba angesema hapana, na najua mnamwambia kwa upendo. Jibu hilo lilikuwa la dada, na hakulimaliza. Mtakapompa mkono pale kaburini, kaeni naye, mshikeni, lieni naye, lakini msimjibie.

Mwalimu, dada yangu, pumzika kwa amani, hakuna anayekuharakisha.