Mwali Aliyetoka Ndani Amelewa

Pale Temeke, pembeni ya duka la mafuta ya taa, palikuwa na benchi lenye wenyewe, na kila baada ya sala ya alasiri Salumu alikuwa wa kwanza kulikalia. Walimwita Mawaidha, maana hakupita kijana pale asikemewe. Siku hiyo wa kukemewa alitoka nyumbani kwao. Jana yake Tunu, binti wa kaka yake Mwinshehe, mwenye miaka kumi na mitano, alitolewa uwalini baada ya kufungiwa ndani miezi minane, ukoo mzima ukitazama. Akapepesuka, akaikalia ngoma, akacheka hovyo. Mdomo ulimnuka pombe ya moshi.

— Sinema hizo, alisema Salumu. Mtoto anaona watu wanabugia chupa, naye anataka.

— Sinema wapi, alidakia Sajini, aliyerudi na mguu mbovu kutoka vita vya Wazungu huko Burma. Ni barafu. Koo likizoea baridi, linadai moto. Sie tuliliona hilo jeshini.

— Watoto gani hawa, bwana, alisema Salumu. Sie tulikuwaga tunaogopa hata kivuli cha mlevi.

— Na viatu vya visigino, aliongeza muuza kahawa akimimina. Damu yote inapanda kichwani.

— Marashi, alisema Salumu, sasa amepamba moto. Yale ya madukani ni spiriti tupu. Msichana anajipaka asubuhi, jioni ngozi imeshalewa, inamtuma mdomo. Kizazi cha ovyo kabisa.

Mwinshehe, baba mtu, alikuwa na kikombe kilichompoa mkononi. Pembeni yake alikaa Gozbert, karani kutoka Bukoba aliyehamia mtaani wiki ile.

— Samahanini wazee, alisema Gozbert. Mie mgeni wa mila zenu. Huyo mwali, huko ndani alikuwa anatoka?

— Atoke aende wapi? alidakia Salumu. Hata jua halioni.

— Basi pombe ilimfikiaje?

Sajini akaanza kuusugua mguu wake. Muuza kahawa akapuliza makaa yaliyokuwa yanawaka vizuri tu.

Chupa ya hiyo pombe ilikuwa ya Salumu mwenyewe. Tangu mfungo uliopita ilifichwa uvunguni chumbani kwa mama yake, alikolala mwali, kwa kuwa mwanamume haingii humo. Mama aliambiwa ni dawa ya kifua, na kila jioni alimtolea uani apige mafunda mawili. Siku zote hizo Tunu alikuwa nyuma ya pazia, peke yake, hana wa kuongea naye, akisikia bibi akiita, "Salumu, njoo unywe dawa yako."

— Nimemchapa leo asubuhi, alisema Mwinshehe taratibu. Nikamuuliza, nani kakupa? Nimemchapa mpaka mkono umeniuma. Hataki kumtaja mtu. Nikirudi naanza tena, mpaka aseme.

Salumu alimwona akilini yule mtoto kwenye mkeka, midomo ameikaza.

— Usimchape tena, kaka.

Mwinshehe akamgeukia. Benchi zima likamgeukia.

— Wewe? Wewe Mawaidha ndiye unasema nisimchape? Kwa nini?

Salumu akanyoosha kikombe kwa muuza kahawa, naye akaliinamisha birika; likatoa matone mawili ya mashapo. Mwinshehe akajifuta mikono kwenye kanzu, akainuka kwenda nyumbani.