Bi Usiguse na Kabati Namba Kumi na Moja

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Msimamizi wa Maonyesho wa makumbusho yetu atakabidhi funguo na kustaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Jina lake kamili limo kwenye barua ya kustaafu na bila shaka kwenye cheti cha ndoa. Kwingineko kote, kuanzia getini hadi sokoni, anajulikana kama Bi Usiguse. Anatuachia vitu vya kale arobaini na kimoja katika hali nzuri, na kabati moja la vioo lisilo na kitu ndani. Kabati hilo limetunyima raha mwaka huu mzima, na tutalifikia.

Aliajiriwa kama mhudumu wa usafi. Siku yake ya pili kazini, ndoo mkononi, alimkuta bwana mmoja mwenye tai akiipapasa ngoma ya kale kama anayechagua tikiti maji. Akamwambia asiguse. Bwana akamfahamisha kwamba yeye ni mkaguzi kutoka makao makuu, naye akajibu kwamba ngoma haijui hilo. Wakubwa wa ofisi walishika vichwa. Wiki tatu baadaye barua ikaja, na badala ya kumfukuza ikamhamishia ukumbini kuwa mlinzi wa maonyesho. Jina la utani alilipata wiki hiyohiyo, na hajawahi kulikana.

Kisha yakaja mapigano, yakaukalia mji wetu miaka sita. Kabla barabara haijafungwa, makao makuu walituma lori moja lije kuvichukua vitu vyote arobaini na viwili na kuvipeleka mahali salama. Dereva alikuwa na ruhusa ya kusubiri siku tatu, na hapakuwa na hata kipande cha kufungashia. Mume wa Bi Usiguse, fundi cherehani ambaye sisi sote tunamwita Shemeji, alifunga duka lake, akaja na futi ya kupimia nguo, akaanza kuvipima vitu kimoja kimoja. Alivishonea mifuko ya bitana za suti, ndani akatia sponji la magodoro. Kwa kuwa yeye huandika vipimo vya kila mteja kwenye daftari, hakuona sababu ya kubagua. Inasemekana mwezi ule nusu ya wanaume wa mji walitembea na suruali zisizokunjwa upindo.

Lori likaondoka. Mkuu wa wakati huo aliwaagiza watumishi wafunge milango, kila mtu akakae kwake mpaka amani irudi. Bi Usiguse alitii shingo upande kwa wiki mbili. Jumatano ya wiki ya tatu alikuja kufuta vumbi, akamkuta mwalimu amesimama getini na darasa zima, kwa sababu shule yao ilikuwa imejaa watu waliokimbia makwao. Mwalimu alijua kwamba vitu vimeondoka. Aliuliza tu kama makabati bado yapo.

Yalikuwepo, na kadi zake za maelezo. Bi Usiguse akafungua mlango, akasimama mbele ya kabati namba moja, akaanza kueleza kilichokuwa ndani. Alionyesha urefu kwa kiganja na unene kwa mikono miwili. Alipofika kwenye ngoma aliwataka wazunguke kabati waone na upande wa nyuma, na watoto wakazunguka. Jumatano iliyofuata walikuja na wazazi wao. Tangu siku hiyo, kila Jumatano kuanzia saa nne hadi saa sita, makumbusho haya yalikuwa wazi kwa mtu yeyote aliyetaka kuingia, na kila aliyeingia alisaini daftari la wageni. Katika miaka sita alikosa Jumatano kumi na moja, na hadi leo anazitaja kama mtu anayedaiwa udhuru.

Siku moja alikuja kamanda mmoja na watu wake, akiwa ameambiwa kwamba humu mna mali iliyofichwa. Bango la mlangoni lilisema mizigo na miavuli iachwe nje. Kamanda akadai kwamba bunduki si mzigo wala mwavuli. Bi Usiguse akachomoa kalamu, akaongeza maneno mawili chini ya bango: "na kadhalika." Kamanda akacheka, akawaacha watu wake nje na silaha zote, akaingia. Alisikiliza kuanzia kabati la kwanza hadi la mwisho, akasaini daftari, akaenda zake. Ukimuuliza Bi Usiguse kama aliogopa, atakwambia magoti yalikuwa yanagongana, ila gauni lilikuwa refu.

Amani iliporudi, ilikuja pia barua. Ilieleza kwamba vitu vyetu vitabaki makao makuu daima, kwa kuwa mji huu hauna tena makumbusho yanayofanya kazi wala watazamaji. Bi Usiguse alifunga safari ya siku mbili akiwa na mkoba wa madaftari saba, akayapanga juu ya meza ya mkurugenzi. Yalikuwa na saini elfu tisa na mia nne. Mkurugenzi aliyapekua kwa muda mrefu, kisha akauliza watu wote hawa walikuja kuona nini.

"Walikuja kuona vitu vyao," akamjibu. "Sasa wamechoka kuviona kwa maneno."

Vitu vikarudi baada ya miezi minne. Nilikuwa nimeajiriwa wiki iliyotangulia kuwa mtunza kumbukumbu, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuweka alama ya vema kwenye orodha kila mfuko ulipofunguliwa. Niliweka alama arobaini na moja. Mfuko wa mwisho, wa bitana nyekundu, ulikuwa na sponji peke yake. Ulikuwa wa mtungi wa kabati namba kumi na moja, na hakuna aliyeweza kusema ulipotelea wapi. Bi Usiguse alikaa chini sakafuni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya, akaukunja ule mfuko taratibu mara nne.

Mtungi ule haukuwa wa mfalme wala wa tajiri. Kwa vizazi kadhaa ulikaa njiapanda, mtu wa kwanza kupita asubuhi akaujaza maji, na mwenye kiu akanywa bila kuomba ruhusa. Ndiyo maana Bi Usiguse aliupenda kuliko vitu vingine vyote, ingawa kikazi hakupaswa kuwa na kipenzi.

Wiki ya ufunguzi ilikuwa na vituko vyake. Ujumbe wa raia, ukiongozwa na konda mstaafu, ulikuja kulalamika kwamba makao makuu wametubadilishia kigoda. Kigoda chetu, walisema, kina miguu minne, na hiki kina mitatu. Walikuwa na uhakika, kwa sababu walikuwa wamekisikiliza kwa miaka sita. Tukatoa picha za zamani, na miguu ikawa mitatu. Bi Usiguse alisimama mbele ya watu akakiri kwamba mguu wa nne aliuongeza yeye bila kujua. Konda alimsamehe, lakini mpaka leo anakitazama kigoda kile kwa jicho la pembeni.

Sisi tulicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka sana, kwa sababu hofu ilikuwa imemwingia. Picha ya mtungi haikuwahi kupigwa. Kama alikosea mguu wa kigoda, ni nini alichokosea kwenye mtungi, na nani angemsahihisha? Aliyemtuliza ni Shemeji, kwa kulitoa daftari lake la vipimo. Katikati ya suruali ya mwalimu na gauni la bibi harusi, palikuwa pameandikwa: "Mtungi. Shingo 38. Kiuno 124. Urefu 71. Mikono hana."

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi na matunda. Alifundisha walinzi wa maonyesho saba, akaagiza ngazi fupi za mbao ili watoto wavione vitu bila kubebwa, na akahakikisha Jumatano inabaki siku ya bure kwa wote. Bango lenye "na kadhalika" tulitaka kulibadilisha mara mbili, akatukatalia mara mbili.

Mwaka huu, alipoleta notisi ya kustaafu, likaibuka lile la kabati namba kumi na moja. Ilipendekezwa litumike kwa kitu kingine, kwa kuwa akishaondoka hakutakuwa na mtumishi aliyewahi kuuona mtungi. Mkuu wetu wa sasa, ambaye ni mtu wa haki, alikata shauri hivi: akipatikana mtu wa kuueleza, kabati libaki. Asipopatikana, kadi iingie kwenye faili. Bi Usiguse akanitazama mimi. Nilijaribu kutazama kwingine, lakini chumba chetu ni kidogo.

Kwa miezi minne nilikuwa mwanafunzi wake, na hana mchezo. Nilinakili vipimo vya Shemeji. Niliujaza ule mfuko mwekundu sponji lake, nikaukumbatia kila asubuhi hadi mikono yangu ikazoea ukubwa, huku wenzangu wakiniuliza harusi ni lini. Nilijifunza alama tatu za vidole alizoacha mfinyanzi chini ya mdomo, na jinsi mdomo wenyewe ulivyolika upande mmoja tu, upande wa barabara, kwa vikombe vya wapita njia.

Jumatano iliyopita ilikuwa siku yangu. Bi Usiguse alifika saa nne kasoro kama mgeni yeyote, akaacha mkoba wake mlangoni, akasimama nyuma ya wanafunzi wa shule ya msingi kando ya Shemeji. Mkuu alikaa pembeni na kalamu. Nilieleza njiapanda, nikaeleza shingo na kiuno, nikawataka watu wazunguke waone upande wa nyuma, wakazunguka. Nilipofika kwenye mdomo uliolika, nikaonyesha mahali kwa kidole, nikasema vikombe vya watu wenye kiu vilipita hapa. Bi Usiguse alikuwa amesogea hadi mbele. Akanyoosha mkono taratibu kuelekea mahali pale, macho hayako kwangu wala kwa mtu yeyote.

"Usiguse, Bi," nikasema. Neno lilinitoka kabla sijafikiri.

Akarudisha mkono haraka kama mtu aliyekutwa na kosa, kisha akacheka mpaka akatafuta leso. Mkuu alifunika kalamu yake. Kabla ya kutoka, Bi Usiguse alikwenda kwenye daftari la wageni, ambalo kwa miaka thelathini na minne hakuwahi kulisaini kwa sababu hakuwa mgeni. Akaandika jina lake kamili, na kwenye nafasi ya maoni akaandika neno moja: "Nimeuona."

Kabati linabaki. Kwa niaba ya watumishi wote, na kwa niaba ya saini elfu tisa na mia nne, tunakushukuru, Bi Usiguse. Tunakuombea afya, usingizi mtamu wa asubuhi, na miaka mingi ya raha pamoja na Shemeji. Karibu kila Jumatano saa nne, tutakueleza kila kitu. Uache mlangoni mkoba, mwavuli na kadhalika.