Mwanahalima wa Murongo na Rupia Sitini Alizosamehewa

Rupia sitini, Bwana Ramadhani, hazisamehewi na mtu asiyezidai, na kwa kuwa shehe ameuliza sasa hivi, kama ilivyo ada yetu kabla ya kumswalia maiti, ni nani anayemdai marehemu, nawe ukasimama na kanzu yako ya Bukoba ukasema mbele ya watu, “Nilikuwa namdai rupia sitini, nimemsamehe,” hata wanawake wakakuombea dua kwa wema wako, basi usiondoke, kaa nisome maisha ya dada yangu, tuone hizo sitini zilitoka wapi.

Mimi ni Hatibu bin Sudi, mdogo wake, sikusomeshwa na mtu, herufi nilijifunza kwenye marobota ya nguo, na neno nikilijua nalisema lilivyo.

Marehemu Mwanahalima binti Sudi alizaliwa Kafuro, Karagwe, tarehe 9 Juni 1872, binti wa mfanyabiashara wa Pangani aliyekuja na shanga akanogewa asirudi tena pwani, akasoma chuoni kwa baba yetu, akahitimu Kurani mwaka 1884, na Kinyambo, lugha ya wenyeji, akakisomea sokoni, kwa kubishana bei.

Tarehe 2 Februari 1894 aliolewa na shemeji yetu Shabani bin Feruzi, mwenye mitumbwi ya kuvushia watu mto Kagera, wakahamia hapa Murongo, na hapo ndipo mambo yalipochangamka, maana sisi tuliona matope na viboko, yeye akaona mji: chumvi inashuka kutoka Ankole, kahawa na majembe yanapanda kutoka Karagwe, Waganda wanakuja na nguo za magome ya miti, na mwendo wa siku moja tu kutoka hapa iko chemchemi ya maji moto ya Mtagata, ambako wagonjwa wa mifupa walikuwa wakioga, wakilala msituni, kisha wakirudi kwao na njaa.

Mwaka 1896 akajenga nyumba ya wageni, akapika ndizi kwa maharage, na Novemba wale panzi wa senene wakishuka akawakaanga mpaka harufu ikavuka mto kabla ya mitumbwi, naye alikuwa akituambia, “Mgeni akioga bila kula atasifia maji, akila atasifia mji,” na kweli wakasifia, watu wakaja kutoka Mpororo, kutoka Buganda, hata wa pwani waliokuwa wakisema Karagwe hakuna kitu wakaongeza siku wenyewe, bila kubembelezwa.

Alijaliwa mtoto mmoja, Mwajabu, aliyezaliwa tarehe 17 Septemba 1897, huyu mnayemwona analia pale mlangoni.

Mwaka 1909 Bwana Ramadhani akaanza kutuletea wafanyabiashara wa Bukoba wenye magoti mabovu, akiwatoza mwenyewe kulekule fedha ya njia, ya chakula na ya malazi, akifika hapa anamwambia marehemu atamlipa kahawa ikiuzwa, na kahawa imeuzwa msimu hata msimu, mpaka mwezi wa mfungo uliopita yeye na marehemu wakakaa mbele ya shemeji Shabani, wakakubaliana kuwa bwana huyu anadaiwa sitini, na leo hesabu ameikumbuka barabara, amesahau upande tu, akidhani maiti hajibu. Keti, bwana, sijamaliza. Shemeji Shabani, kama nimesema uongo nikanushe hapa hapa. Mnaona anamtazama nani.

Marehemu alishikwa na kifua tarehe 20 Aprili mwaka huu wa 1912, akabebwa kwa machela mpaka Mtagata, na maji aliyoyasifia kwa wageni wote yakamkatalia yeye, akafariki nyumbani kwake jana, tarehe 11 Mei, baada ya Alasiri, akiacha nyumba ya wageni iliyoezuliwa paa na mvua za masika, na Mwajabu hana cha kuiezekea, na ikifungwa wageni watavuka moja kwa moja, Murongo ibaki kivuko tu.

Tunawashukuru waganga waliokesha naye, majirani waliopika na kuchota maji, wapagazi waliombeba kwa zamu, na wavushaji waliowaleta ndugu wa ng'ambo bila kudai nauli.

Dada, pumzika, kazi yako tumeiona. Bwana Ramadhani, rupia sitini, mkononi mwa Mwajabu, kabla jeneza halijanyanyuliwa.