Maji ya Kombe la Yasini

Bismillahi. Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Sabra, futa machozi, nataka unisikie.

Mjukuu wangu Yasini alipozaliwa amevimba uso na miguu, maneno yakaanza humu ndani kwamba mama yake, Zuleha, ametuletea ugonjwa. Sikilizeni. Daktari Leticia aliniketisha akanieleza kwamba figo za mtoto zinavujisha kile kinachomkinga mwili, na kasoro hiyo kairithi kwa baba na kwa mama pia. Zuleha ni binti wa kaka yangu. Damu ni yetu sote. Nami nilizika wanangu wawili waliovimba vivyo hivyo, Zuleha hajazaliwa bado. Nani aliniletea mimi?

Kisha kukaja kuhara. Maji yake ya kunywa tulichemsha, lakini zile aya za kombe, zilizoandikwa sahanini kwa zafarani, tuliziosha kwa maji mabichi ya kisima, tukidhani moto utaondoa baraka, kisha tukamnywesha. Vimelea vikapita humo. Mtoto mwingine angehara akapona. Huyu, asiye na kinga, alibaki ngozi na macho. Asiseme mtu kwamba Kurani ilimdhuru. Shehe Mwinyijuma, anayetuandikia makombe, amesema mwenyewe: chemsheni, yapoe, ndipo muoshe. Dawa za hospitali zikafanya kazi, na jana Yasini kanishika kidole, kaning'ang'ania kama kupe. Nilifurahi, wanangu, nilifurahi mno. Safari yake bado ndefu, lakini yupo.

Nyumba hii na michungwa ya Muheza gawaneni kisheria. Zuleha si mrithi wangu, ndiyo maana namuusia chumba cha mbele, chenye dirisha. Hakizidi theluthi ya mali yangu, nimeuliza. Rama, wewe ndiye mkubwa. Talaka unayompigia mdogo wako Rahimu masikioni, amwache Zuleha, iishe leo. Muombe radhi shemejio, hapa, nikuone... Ahsante, baba. Na siku za kliniki utawapeleka wewe.

Kisima kifunikeni. Zuleha, ukishika mimba tena, nenda kwa daktari mapema, usimfiche mtu.

Pumzi inanikatika... Mungu awape kupendana, amkuze Yasini hata awe yeye wa kuwazika wajukuu zangu wengine, wote wakiwa wazee. Semeni amina.

Nipeni maji. Siyo ya mtungini, Sabra... nimeyanywa maisha yangu yote, najua. Yale ya Yasini, yaliyochemshwa. Nataka mnione nikiyanywa.